Pini ya ua la bluu aliyoachiwa binti wa Nürnberg: ni ya Frimasoni kweli?

Kuna binti kaniandikia kutoka Nürnberg, Ujerumani, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Swali lake nalifupisha hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mzee niliyemhudumia miaka mitatu amefariki mwezi uliopita. Baada ya mazishi mwanawe akanipa kibahasha, ndani kuna pini ya ua dogo la bluu, akasema baba alitaka nibaki nayo, akaitaja jina, Vergissmeinnicht. Nikaibandika kwenye koti nikapiga picha nikamtumia mama Moshi. Kaka yangu kuiona tu akasema hiyo ni alama ya Frimasoni, eti walikuwa wanaivaa kwa siri hadi kwenye kambi za Hitler. Mama toka siku hiyo halali, anataka niitupe mtoni. Je ni kweli? Na je, mzee alikuwa ananiingiza kwenye kitu?"

Marahaba binti yangu, na pole sana. Miaka mitatu ya kumlisha mtu, kumwogesha na kumgeuza kitandani usiku sio michache, huo ni msiba wako pia hata kama jina lako halikusomwa kanisani.

Nianze na la mama maana ndo linalomnyima usingizi. Hapana, hujaingizwa popote. Huwezi kuingizwa Frimasoni kwa pini, kwa zawadi, kwa picha wala kwa kutokujua. Anayetaka kujiunga anaomba mwenyewe, anahojiwa, wanachama wanampigia kura ya vigololi vyeupe na vyeusi, ndo anaitwa siku ya kuingizwa. Tena loji nyingi za Ujerumani, yaani matawi yao, hazipokei wanawake kabisa, wanawake wana Loji Kuu, yaani chama mama cha loji, yao peke yao. Kwa hiyo kama mzee alikuwa mwanachama, hiyo pini amekupa kama vile bibi anavyomwachia mjukuu hereni zake.

Sasa pini yenyewe. Umeniambia ina ukubwa wa kifungo cha shati, petali tano za bluu inayong'aa kama sufuria ya enameli, doti ya njano katikati, nyuma sindano, na haina maandishi. Jina alilokutajia mwanawe ni la ua lenyewe, na ukilitafsiri neno kwa neno ni "usinisahau". Jina kama la kanga kabisa, na kazi yake ni kama ya kanga, unampa mtu kitu kidogo halafu maneno yanasemwa na kile kitu. Wazungu wamelitumia ua hilo kwa kukumbukana karne nyingi, Wajerumani wana hadithi ya kijana aliyeteleza mtoni akimchumia mchumba wake maua, maji yakamchukua, akamrushia lile shada akipiga kelele usinisahau.

Kwa hiyo kaka yako amekosea kwa kuharakisha, maana ua hili halina mwenyewe mmoja. Uingereza na Kanada vyama vya wagonjwa wa kusahau, hii dementia unayoijua wewe kuliko mimi, vinalitumia ua hilihili. Newfoundland, kisiwa cha Kanada, wanalivaa tarehe 1 Julai kuwakumbuka vijana wao waliofyekwa Beaumont-Hamel huko Ufaransa mwaka 1916, kwenye vita vya kwanza vya dunia, walitoka kwenye mahandaki kama 800, kesho yake kwenye kuitwa majina wakaitika 68. Waarmenia walichagua ua la usinisahau la zambarau kwa ajili ya mwaka 2015, miaka 100 tangu mauaji ya halaiki ya watu wao. Wewe unafanya kazi kwa wazee wanaosahau, mtu akikuona nayo kazini anaweza kabisa kudhani ni mambo ya dementia.

Lakini sitakudanganya. Mzee wa Bavaria, jimbo lenu hilo la Nürnberg, wa umri wa kuishi nyumba ya wazee, pini ndogo ya chuma bila maandishi, na akaisisitiza mpaka mwanawe akaitia kwenye bahasha, uwezekano kwamba alikuwa Frimasoni ni mkubwa. Kuna njia ya kujua bila kumhoji mtu. Litafute lile tangazo la kifo lililotoka gazetini, wao hawaandiki amefariki, mara nyingi wanaandika amekwenda "Mashariki ya milele". Na kumbuka pale kaburini kama kuna wanaume walioweka waridi tatu, huo nao ni utaratibu wao wa Ujerumani.

Tuje kwenye ile habari ya kambi za Hitler, na hapa naomba uvumilivu maana kaka yako hakuitunga yeye, imeandikwa kwenye vikadi, imesomwa kwenye mikutano, mafrimasoni wenyewe wengi wanaiamini kwa moyo safi. Inasema hivi: mwaka 1934 Loji Kuu ya "Zur Sonne", yaani Kwenye Jua, yenye makao Bayreuth, ilipoona hatari ikaacha bikari na pembe-mraba, ile alama ya kawaida ya Frimasoni, ikachagua ua la usinisahau, na tangu hapo mwanachama akikutana na mwenzake mjini au hata kambini akiona lile ua kwenye kola anajua huyu ni ndugu.

Ni habari tamu lakini haisimami. Hebu itazame mwenyewe. Mwaka 1934 Zur Sonne ilikuwa imeshafungwa toka 1933, sasa loji iliyokufa inachaguaje alama mpya? Na kambini kola iko wapi? Mfungwa alivuliwa kila kitu mpaka nywele, akapewa nguo za kambi zenye namba na pembetatu ya kitambaa, nyekundu kwa wafungwa wa kisiasa, na mafrimasoni waliofungwa kama wafungwa wa kisiasa waliwekewa hiyo nyekundu. Pini ya ua uibandike wapi pale na mlinzi asiione?

Kilichotokea ni kingine, na mimi naona kina uzito kuliko hiyo hadithi. Mwaka 1926 Zur Sonne walifanya mkutano wao wa mwaka Bremen, kaskazini huko, na waliohudhuria wakagawiwa pini ndogo ya ua la usinisahau, kama sisi tunavyogawa beji kwenye semina. Ilitengenezwa na kiwanda kimoja cha Selb, mji wa Bavaria karibu na mpaka wa Cheki unaojulikana kwa vyombo vya kauri. Basi, mkutano ukaisha, watu wakarudi na pini zao, nyingine zikaingia kwenye droo. Hakuna siri hapo. Wakati huo Ujerumani ilikuwa na mafrimasoni kama 80,000, madaktari, walimu, wafanyabiashara, wanajulikana mitaani.

1933 Hitler akaingia madarakani. Kwa Wanazi, Frimasoni na Wayahudi walikuwa kitu kimoja, njama moja ya kuitawala dunia, na walilihubiri hilo usiku na mchana. Loji moja baada ya nyingine ikavamiwa au ikajifunga yenyewe kabla haijavamiwa, na tarehe 17 Agosti 1935 waziri wa mambo ya ndani Wilhelm Frick akatoa amri ya kufuta zilizobaki na kutaifisha mali zao. Vyombo vya loji vikapelekwa kwenye maonyesho, watu wanapita kuangalia mafuvu na mapazia meusi ili waogope.

Mwaka huohuo wa 1933 serikali ilianzisha mchango wa majira ya baridi, Winterhilfswerk. Vijana wanasimama barabarani na makopo, unatoa hela unapewa kibeji unakivaa, ukikivaa wengine hawakusumbui, usipokivaa unaulizwa kwanini hujachangia. Vibeji vilibadilishwa mara kwa mara ili watu waendelee kununua. Na Machi 1938 kibeji kilichotoka kilikuwa ua la usinisahau, na kilitengenezwa na kiwanda kilekile cha Selb.

Umeona hapo? Ua lilelile, kiwanda kilekile, miaka kumi na mbili baadaye, safari hii kwa ajili ya mchango wa hao hao waliozifunga loji. Mwezi ule wa Machi yeyote Ujerumani nzima angeweza kutembea na ua la bluu kifuani, na mwanachama aliyekuwa Bremen 1926 angeweza kulivaa mbele ya polisi na hakuna wa kumuuliza kitu, na moyoni anajua analivaa kwa sababu gani. Mimi nadhani hapo ndo mbegu ya ile hadithi ilipoangukia. Hilo ni wazo langu, lakini kulivaa mwezi mmoja kimoyomoyo ni tofauti kabisa na kusema lilikuwa alama ya siri ya chama kwa miaka kumi na mbili ya Hitler.

Halafu vita vikaisha, miji ni vifusi. Mwaka 1948 Theodor Vogel, mmoja wa waliokuwa wanahangaika kuwakusanya mafrimasoni wa Ujerumani upya, akaikumbuka ile pini, akaagiza zitengenezwe mpya mia kadhaa, akawa anampa kila anayekutana naye. Juni 1949 loji zikaungana Frankfurt, kwenye lile kanisa la Paulskirche, Vogel akachaguliwa kiongozi wao mkuu, na aliposafiri kwenda Marekani kukutana na viongozi wenzake alikuwa na pini mfukoni, akawagawia. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambini Ujerumani wakaanzisha loji zao chini ya mwavuli huohuo, wakawa wanampa pini kila anayefikia daraja la tatu, pamoja na kikadi cha kueleza maana yake. Hivyo vikadi ndivyo vilivyoisafirisha hadithi ya 1934 dunia nzima, mpaka ikamfikia kaka yako Moshi.

Kwahiyo ua hili ni alama ya waliobaki kuwakumbuka walioondoka, na ndo maana nakazania hili mpaka unaweza kuniona msumbufu. Ukisema lilikuwa alama ya siri ya mashujaa, unaifanya historia yote iwe ya mashujaa, na haikuwa hivyo. Loji Kuu tatu za zamani za Prussia, ile dola ya zamani ya Kijerumani, zilizokuwa na wanachama wengi kuliko wote, zilikuwa zinawakataa Wayahudi hata kabla ya Hitler, na 1933 zilijibadilisha majina ili zipone, moja ikajiita Shirika la Kitaifa la Kikristo la Friedrich Mkuu. Waliwaacha ndugu zao wa Kiyahudi peke yao wakidhani wao watasalimika, na hawakusalimika, amri ya 1935 ikawakuta. Upande wa pili alikuwepo Leo Müffelmann, kiongozi wa Loji Kuu ndogo iliyokataa kuinama, akafungwa kambi ya Sonnenburg mwaka 1933, alipotoka akasaidia kuihamishia loji yake Jerusalem, akafa Agosti 1934 afya imeshaharibika. Wote hao wamo ndani ya hilo neno usinisahau, walioachwa na waliowaacha.

Na kama kaka yako anataka Frimasoni wa kambini, wapo wa kweli. Esterwegen, kaskazini magharibi mwa Ujerumani karibu na Uholanzi, kibanda namba 6, Novemba 1943. Wafungwa saba wa Ubelgiji, wapinzani wa Wanazi, wakafungua loji ndani ya kibanda wakaiita Liberté chérie, Uhuru Mpendwa. Kiongozi wao alikuwa hakimu, Paul Hanson. Walikaa kwenye meza ileile ambayo mchana walichambulia risasi, hakuna vazi, hakuna mshumaa, hakuna pini, wananong'ona tu. Wakamwingiza mmoja mpya, Fernand Erauw. Na wakati wanakutana aliyesimama kuwalindia asije askari alikuwa kasisi Mkatoliki, mfungwa mwenzao. Wengi wao walikufa kabla vita havijaisha, Hanson aliuawa Essen machi 1944 mabomu yalipoangukia gereza. Erauw na mwandishi Luc Somerhausen walirudi nyumbani hai, Erauw alikuwa mtu mrefu wa zaidi ya mita moja na themanini na alipopimwa alikuwa na kilo 32. Mwaka 2004 paliwekwa kumbukumbu yao palepale makaburini Esterwegen, unaweza kwenda kuiona ukipata likizo.

Huyo kasisi mwambie mama habari zake. Umeniambia ni Mkatoliki wa jumuiya, kila wiki yupo. Kanisa lake linakataza waumini kujiunga na Frimasoni, tamko lilitoka Novemba 1983 na limerudiwa 2023, na mimi siwezi kumwambia mama alipuuze kanisa lake. Ila makatazo yale ni ya kujiunga. Yule padri wa Esterwegen alijua hawa ni kina nani na bado akasimama mlangoni, maana pale wote walikuwa wafungwa.

Najua hofu ya mama imetoka wapi. Kwetu neno Frimasoni limekuwa jina la utajiri wa ghafla na kafara, mtu akipata gari tu ashaingia, na matapeli wanatuma meseji za karibu chamani, tuma hela ya fomu, watu wanalizwa mpaka leo. Hizo meseji ni wizi mtupu, hakuna loji inayotafuta wanachama kwa simu. Majengo yao Dar es Salaam na Nairobi yapo barabarani mchana kweupe, na Sir Andy Chande aliyefariki 2017 alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki na alilisema wazi kwa jina lake. Unaweza usikubaliane nao kabisa, sawa, ila usiwaogope kwa mambo ambayo siyo yao.

Kitu kimoja kaka yako angepaswa kukijua kabla ya kumtisha mama: ndani ya mafundisho ya Frimasoni yenyewe ua la usinisahau halimo. Mmea wao wa kumbukumbu ni tawi la mgunga, kwenye simulizi yao ya Hiramu, mjenzi wa hekalu la Sulemani, kaburi lake lilitambulika kwa tawi hilo, na mpaka leo sehemu nyingi wanadondosha kijitawi kibichi kaburini. Mgunga huohuo wa porini kwetu, na ndugu yake ndo ule mti wa mshita anaousoma mama kwenye Biblia, uliochongewa sanduku la agano. Hatuukati mgunga uani kwa sababu Frimasoni wanao. Ua la bluu ni jipya, limeingia kwa mlango wa msiba, sio wa mafundisho.

Sasa uifanye nini pini? Mtoni usiitupe, nakuomba kabisa. Mzee alikuwa na watu wa kumwachia vitu akaamua hiki kije kwako, na kama alikuwa mmoja wao basi umepewa kitu wanachopeana wenyewe kwa wenyewe. Ila kuivaa kwenye koti barabarani mimi ningesita, sio kwa kuogopa laana, ni kwa heshima, maana siku moja mzee mwingine kwenye treni atakuona atadhani wewe au mumeo ni wa kwao, atakusalimia kwa namna ambayo hutajua kuijibu. Iweke kwenye boksi la hereni. Siku ya kumkumbuka ukienda kaburini ivae, hapo hakuna atakayekuuliza.

Halafu mwandikie mwanawe, ujumbe mfupi tu, umshukuru na umuulize vitu viwili: baba aliipata wapi na mwaka gani. Jibu liandike kwenye karatasi ulikunje uliweke na pini, kwa sababu nimeshika pini nyingi za hivi ambazo waliorithi hawajui hata ni ya nani, zinauzwa mnadani kwa bei ya chai. Na ukiambiwa imetoka Bremen 1926, usiioneshe mtu mpaka uniandikie kwanza.

Ua lenyewe utaliona kuanzia Aprili hadi Juni, chini ya miti na kando ya mito, huko kwenu Nürnberg nenda kando ya mto Pegnitz uinamishe kichwa maana ni fupi. Matumba yake yanaanza na rangi ya waridi, yakifunguka yanageuka bluu, na ile duara ya njano katikati inapauka kuwa nyeupe ua likizeeka, nyuki akiona nyeupe anapita anakwenda kwenye changa. Mpigie mama picha ya hayo ya mtoni. Yeye amekulia mlimani, kule juu kuna maua ndugu wa hili, ya bluu hivihivi, yale ambayo ukipita kwenye majani mbegu zake zinanasa kwenye sketi na zinakufuata mpaka nyumbani, atayajua palepale.